Mvinyo Namba Nne

Katika nchi moja ambayo sitaitaja, kwa sababu wenyewe hawapendi kutajwa, mwaka ule ulitangazwa kuwa Mwaka wa Akili Iliyo Wazi.

Tangazo lilisomwa redioni asubuhi, baada ya wimbo wa taifa na kabla ya matangazo ya vifo, likarudiwa mara tatu ili hata wenye akili zilizofungwa walisikie. Kesho yake ukatoka waraka. Ofisi zote za serikali ziache milango wazi tangu asubuhi hadi saa tisa na nusu, ili akili za watumishi zipate mfano wa kuiga. Milango ikaachwa wazi. Vumbi likaingia, nzi wakaingia, na katika Ofisi ya Ardhi akaingia mbuzi, akala jalada la kesi ya kiwanja iliyokuwa imewasumbua watu kwa miaka kumi na mmoja. Kesi ikaishia hapo. Wizara ikaandika katika taarifa yake ya robo mwaka kwamba uwazi umeanza kuleta matokeo.

Bi. Leokadia Masinda aliusoma waraka ule akiwa amevua viatu chini ya meza. Alipoumaliza aliuweka juu ya nyaraka nyingine, akavaa viatu, akaenda kufungua mlango wake, akarudi, akavivua tena.

Alikuwa mwonjaji mkuu wa Idara ya Vinywaji, na alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ameonja kila mvinyo uliotengenezwa katika nchi ile na kuandika maoni yake kwenye fomu ya kijani. Aliijua kazi yake kuliko mtu yeyote, na aliichoka kuliko mtu yeyote. Si kwamba alichoshwa na mvinyo. Alichoshwa na maneno. Mvinyo wa mtu mkubwa ulioharibika haukuandikwa kwamba umeharibika, uliandikwa kwamba "una tabia ya kujitegemea." Uliotiwa maji uliandikwa "mpole." Mwaka mmoja mkwe wa Waziri alileta mvinyo ambao ndani ya chupa mlikuwa na mende, na Leokadia, baada ya kuikodolea macho fomu asubuhi nzima, aliandika "wenye uhai." Siku hiyo alirudi nyumbani akalala kabla jua halijazama, bila kula.

Na bado, kila alipoinua glasi, alionja kweli. Hilo hakuweza kuliacha. Sista Ludovika, mtawa aliyemfundisha kuonja alipokuwa msichana kwenye pishi la misheni, alimzoesha kufumba macho na kuwasahau watu wote wanaohusika na chupa ile: aliyeilima, aliyeiuza, aliyeituma. Uone kilichomo, basi. Leokadia alikuwa akiona kilichomo, halafu akifumbua macho na kuandika kitu kingine.

*

Mkurugenzi wa Idara, Bwana Anselimu Ndoliwa, alikuja ofisini kwake siku ya Jumatatu. Alikuwa na umri sawa na wa mtoto wa kwanza wa Leokadia, na alikuwa na adabu. Hakuwahi kumletea habari mbaya bila kumwamkia kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Mama, tumepata heshima." Akaketi. "Mkuu wa Nchi ameamua kuwe na Shindano Kuu la Mvinyo. Mvinyo saba. Utakaoshinda ndio utakuwa mvinyo wa taifa, utauzwa peke yake nchi nzima. Mashamba ya mizabibu mingine yote yatang'olewa, yapandwe alizeti."

Leokadia aliwafahamu wakulima wa zabibu wa nchi ile, kama si kwa sura basi kwa ladha.

"Na Mkuu wa Nchi ameingiza wa kwake?" akauliza.

Mkurugenzi alitazama mlango, ambao ulikuwa wazi kwa amri. Akainama mbele, akamweleza kwa sauti ya chini. Miaka mitatu nyuma, Mkuu wa Nchi alikuwa amealikwa ng'ambo, akapewa glasi ya mvinyo kwenye karamu, akauliza kama mtu anaruhusiwa kuwa na mzabibu wake mwenyewe. Alipoambiwa hakuna katazo, alirudi nyumbani na kuamuru uwanja wa gwaride ulimwe. Wanajeshi walipanda, wanajeshi walivuna, wanajeshi walikamua zabibu kwa buti. Mvinyo wenyewe uliitwa Fahari.

"Shindano ni la haki kabisa," alisema Mkurugenzi. "Chupa zitafunikwa. Hakuna atakayejua ipi ni ya nani. Mnatakiwa muonje kwa akili iliyo wazi tu, mama. Iliyo wazi kabisa."

"Akili iliyo wazi maana yake nini, mwanangu?"

Mkurugenzi alifikiri. "Ni ile ambayo kitu chochote kinaweza kuingia," alisema.

Waonjaji walikuwa watatu. Wa pili, mbali na Leokadia, alikuwa Kanali Mstaafu Kitwana Lugome, aliyekunywa maziwa tu maisha yake yote kwa sababu ya tumbo. Wa tatu alikuwa Bi. Trifosa Nyangalo, mpishi mkuu wa shule moja ya wasichana, mlokole asiyegusa kilevi. Aliteuliwa na Waziri mwenyewe, aliyeeleza bungeni kwamba mtu asiyekunywa kabisa hawezi kupendelea kinywaji chochote. Bunge lilipiga meza kwa dakika mbili.

*

Kabla ya kuonja, kila mwonjaji alitakiwa kujaza Fomu ya Tamko la Uwazi wa Akili, nakala tatu. Swali la kwanza liliuliza: Je, una maoni yoyote? La pili: Kama ndiyo, yaorodheshe ili yaondolewe. Kanali aliandika "Sina" kwa herufi kubwa. Trifosa aliandika kwamba anaamini Mungu yupo, na karani akamwomba afafanue kama hilo lina uhusiano na zabibu. Leokadia aliandika kwamba kwa miaka mingi aliudharau mvinyo wa rozela, kwa kuwa rozela si zabibu, na kwamba siku hizi anaona pengine alikosea. Karani akagonga muhuri: MAONI YAMEONDOLEWA.

Baada ya hapo alikuja daktari wa Wizara na tochi. Alimulika sikio la kila mmoja, la kulia kisha la kushoto, na kuandika. Sikio la Kanali lilionekana kuwa na nta nyingi, akasafishwa. Wote watatu wakapewa vyeti vyenye picha na muhuri wa Jamhuri: Akili ya mtajwa imekaguliwa na kuthibitishwa kuwa wazi.

"Hiki kinadumu kwa muda gani?" Trifosa alimuuliza Leokadia kwa sauti ya chini.

"Mwaka mmoja," alisema Leokadia. "Halafu unafungwa tena, dada, mpaka uombe upya."

Trifosa alicheka, akaziba mdomo kwa kanga.

*

Shindano lilifanyika katika ukumbi wa Wizara ya Kilimo, Ladha na Mambo Yanayofanana na Hayo. Waziri alifungua kwa hotuba.

"Ndugu zangu," alisema, "mvinyo ni mvinyo. Lakini je, kila mvinyo ni mvinyo? Hapana. Na kama si kila mvinyo ni mvinyo, basi mvinyo ni nini? Serikali inajua. Lakini Serikali, kwa unyenyekevu wake, imeamua kuuliza. Na ikiuliza, haiulizi kwa sababu haijui. Inauliza ili aliyeulizwa ajue kwamba Serikali inajua."

Aliendelea hivyo kwa saa moja na robo. Kanali alisinzia mara mbili, na mara zote mbili aliamka akipiga makofi.

Kisha chupa zikaletwa. Zilikuwa saba, kila moja imevikwa soksi ili jina lisionekane, na kila soksi imeandikwa namba. Soksi sita zilikuwa za jeshi, za kijani, mbili kati yake zimetoboka vidoleni. Soksi ya namba nne ilikuwa ya hariri nyeupe na ilikuwa na ngao ya taifa iliyodariziwa kwa uzi wa dhahabu. Askari wawili walisimama pembeni yake.

Kulikuwa na jambo moja la utaratibu. Waonjaji wa mvinyo hawamezi. Wanauzungusha mdomoni, halafu wanautema kwenye ndoo, ili ulimi ubaki na akili zake mpaka mwisho. Mkurugenzi alieleza kwamba kwa namba moja, mbili, tatu, tano, sita na saba kutakuwa na ndoo. Kwa namba nne ndoo itaondolewa. Mwanasheria wa Wizara alikuwa ameshauri kwamba kutema kunaweza kutafsiriwa vibaya.

Leokadia akaanza kazi.

Alifanya kama alivyofanya siku zote. Aliinua glasi mbele ya kitambaa cheupe akatazama rangi. Aliizungusha, akanusa, akasubiri, akanusa tena. Akatia kidogo mdomoni, akauacha uzunguke mpaka nyuma ya ulimi na kwenye fizi, akatema. Akatafuna kipande cha mkate mkavu, akanywa maji, akakaa kimya kabla ya kushika glasi nyingine.

Namba moja ilikuwa tamu kama dawa ya kikohozi ya watoto. Zamani angeipiga chini mara moja. Sasa alijiuliza ni nani angependa kuinywa, akawaona bibi harusi na mashangazi zake wakinywa kidogo kidogo kwa aibu, akaipa alama za kutosha. Namba mbili ilikuwa nyeupe, yenye harufu ya pera bivu, nzuri puani, lakini mdomoni ilitoweka haraka mno. Namba tatu ilikuwa ya rozela. Alikaa nayo muda mrefu, kwa sababu alijua hapo ndipo alipokuwa na deni la dhuluma. Ilikuwa na uchachu safi, uliofanya mate yamtoke, na kwa nyuma kulikuwa na kitu kama karafuu. Akaandika: "Nilikosea." Akaipa alama za juu.

Namba nne aliinusa akasita. Akafumba macho. Alimsahau Mkuu wa Nchi, akausahau uwanja wa gwaride, akawasahau askari waliokuwa wakimkodolea macho. Alijipa nafasi ya kukosea. Labda harufu ilikuwa ya soksi. Akanywa, na kwa kuwa hapakuwa na ndoo, akameza. Koo likamwasha, machozi yakamtoka. Akanywa tena, ili awe mwadilifu. Ilikuwa siki. Haikuwa mvinyo mbaya wala mvinyo mchanga. Ilikuwa siki tupu, na ndani yake, kwa mbali, kulikuwa na ngozi ya kiatu.

Namba tano ilinukia beberu, na alishangaa kwamba baada ya dakika chache harufu ile ilimpendeza.

Kisha akaonja namba sita. Ilikuwa nyekundu nzito, karibu nyeusi, na ilinukia zambarau zilizokaushwa juani na majani ya tumbaku. Mdomoni ilianza na ukakasi uliokausha ulimi, halafu ukakasi ule ukalegea polepole, ukaacha utamu mdogo ambao haukuwa wa sukari. Leokadia alikaa. Alitafuta neno, kwa kuwa kutafuta neno ndiyo kazi iliyokuwa imemlisha, na hakulipata. Alisahau kutema. Alipofumbua macho aliona kwamba amekuwa akishika ukingo wa meza kwa mkono mwingine, na kwamba Trifosa anamtazama.

"Mama, unaumwa?"

"Hapana," alisema Leokadia. "Niko mzima. Nilikuwa nimesahau tu."

Namba saba aliionja kwa haki, lakini hakuikumbuka baadaye.

Wakakaa kujaza alama. Kanali alikuwa amezipa chupa zote alama ishirini kwa ishirini, pamoja na jagi la maji. Trifosa, ambaye alikuwa amenusa tu bila kunywa, aliandika kwa mwandiko wa shule ya msingi: "Namba nne ni siki. Nimepika miaka ishirini na mbili, siki naijua."

Leokadia aliishika kalamu. Alimkumbuka Bwana Zefania Mputa, mwonjaji wa chai, aliyewahi kuandika kwamba chai ya jeshi ina ladha ya gunia. Alihamishiwa kituo cha kupima mvua kule jangwani. Alikuwa huko mwaka wa tisa, kila siku akiandika sifuri. Alifikiria miezi yake mitano. Alianza kutafuta neno: "yenye msimamo," "isiyoyumba," "yenye ari ya kijeshi." Yote yalikuja, yamejipanga kama watumishi wazuri, na alipoyatazama alihisi uchovu mkubwa kuliko hofu.

Akaandika: "Namba nne: siki. Mbili kwa ishirini. Namba sita: ishirini."

*

Mkurugenzi alifika ofisini kwake asubuhi iliyofuata. Hakuwa amenyoa ndevu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, hapa umeandika siki."

"Ndiyo."

"Labda ulimaanisha kwamba ina kitu fulani cha… yaani, kwa mbali, inakumbusha…"

"Nilitafuta neno lingine, mwanangu. Nimechoka. Lilibaki hilo."

Mkurugenzi aliketi, akashika kichwa. "Mama, mimi nina watoto wanne. Nitamwambia nini Waziri? Kwamba umempendelea mtu?"

"Mwambie hivyo, kama wataamini." Leokadia akafungua droo, akamwekea mezani cheti chenye picha na muhuri. "Lakini Jamhuri imeshathibitisha kwamba akili yangu iko wazi. Na sahihi hapo chini ni ya Waziri mwenyewe."

Mkurugenzi alikisoma cheti mbele na nyuma. Mlangoni alisimama kuku, akawatazama wote wawili, akaondoka zake.

Leokadia alirudi nyumbani, akafunga nguo katika sanduku moja, na kuweka juu yake mwavuli, kisha akautoa mwavuli, akikumbuka kwamba huko jangwani hautahitajika. Akasubiri. Alisubiri siku tisa. La kushangaza ni kwamba alilala vizuri.

*

Kamati ya watu kumi na wanne iliketi siku zote hizo tisa katika hoteli ya ziwani. Ilikuwa na kazi ngumu. Akili za waonjaji zilikuwa zimethibitishwa na Serikali kuwa wazi, na Serikali haikosei. Kwa hiyo waonjaji walisema kweli. Waonjaji walisema namba nne ina ladha ya siki. Namba nne ilikuwa ya Mkuu wa Nchi, na Mkuu wa Nchi hatengenezi kitu kibaya. Siku ya tisa, mjumbe mmoja aliyekuwa hajasema neno tangu siku ya kwanza aliinua mkono na kusema jambo ambalo baadaye lilimpatia ubalozi.

Redio ilitangaza asubuhi, tena mara tatu: "Baada ya uchunguzi wa kina imebainika kwamba ladha iliyoelezwa kwa ufasaha mkubwa na Bi. Leokadia Masinda ndiyo ladha halisi ya mvinyo. Mvinyo wowote usio na ladha hiyo umebainika kuwa na kasoro. Hata hivyo, kwa huruma yake, Mkuu wa Nchi ameahirisha kung'olewa kwa mashamba. Wakulima wanapewa miezi sita kurekebisha mvinyo wao. Kwa moyo wa mwaka huu, mapipa yote yaachwe wazi kwa siku arobaini."

Leokadia alisikiliza akiwa ameketi juu ya sanduku. Aliposikia mara ya tatu alizima redio.

Alitunukiwa Nishani ya Ulimi Mwaminifu, Daraja la Pili. Daraja la Kwanza alipewa Waziri, ambaye hakuwa ameonja. Na kwa kuwa hakuna aliyeijua ladha ile rasmi kuliko yeye, alipewa kazi ya mwisho kabla ya kustaafu: azunguke kwa wakulima wote, awasomee waraka, aonje, na athibitishe kwamba mvinyo wao umefikia kiwango.

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amesema uongo, na mizabibu ilistawi. Alisema kweli siku moja tu, na sasa anatumwa kwenda kuiharibu chupa moja baada ya nyingine. Aliliwaza hilo njia nzima, ndani ya gari la idara, kichwa kimeegemea kioo.

*

Mwenye namba sita aliitwa Mzee Donasiani Chilongola. Aliishi kwenye mteremko wa mawe, mwendo wa siku nzima kutoka mji mkuu, mahali ambapo mvua hunyesha kidogo na mzabibu hujitafutia wenyewe. Alikuwa mjane, mrefu, mkavu, na miwani yake ilikuwa imefungwa kwa waya. Mapipa yake kumi na moja yaliwekwa katika chumba kilichochimbwa ubavuni mwa kilima. Alimkaribisha kwa kiti na maji ya kunywa, akasimama kusikiliza waraka kama anayesikiliza hukumu.

"Siku arobaini, mama?"

"Arobaini."

"Wazi?"

"Wazi."

Mzee Donasiani alitazama mlango wa pishi. "Mwaka marehemu mke wangu alipozidiwa, nilisahau pipa moja, nikaliacha wazi, likageuka siki. Nilikuja kulimwaga pale nyuma ya mawe. Mpaka leo pale hapaoti kitu." Akamgeukia. "Redio imesema ni wewe uliyesema."

"Nilisema ile yao ni siki. Sikusema yenu iwe siki."

"Lakini imekuwa hivyo."

"Imekuwa hivyo, mzee wangu. Nisamehe."

Mzee alinyoosha mkono apewe waraka, akausoma mwenyewe, polepole, kidole kikifuata mstari. Alipofika mwisho alirudi mwanzo. Leokadia alidhani macho yanamsumbua.

"Mama," alisema hatimaye, "hapa wameandika mvinyo. Mvinyo, mvinyo, mvinyo. Siki hawakuitaja."

"Siki haina waraka. Hakuna mkubwa aliyewahi kuitaka."

"Na mtu akitaka kuuza siki, anaionja nani?"

"Ni kitu cha jikoni. Kina fomu nyeupe." Leokadia alikuwa tayari anaelewa. "Ninaonja mimi."

Wakatazamana. Kisha Mzee Donasiani akaingia pishini, akarudi na bilauri. Leokadia akafumba macho. Zambarau zilikuwepo, tumbaku ilikuwepo, na ukakasi ulikuwa umelainika kuliko pale ukumbini, kwa kuwa mvinyo ulikuwa umekua. Hakutema, wala hakutafuta neno. Alikunywa mpaka mwisho, taratibu, ameketi kwenye kiti cha mbao mbele ya mlango wa pishi.

Kisha akafungua mkoba, akatoa fomu nyeupe, akaandika: "Siki. Kali sana. Inafaa kwa kachumbari na kulainisha nyama. Isinywewe."

Alikuwa ameandika uongo mwingi maishani mwake, na kila mmoja ulimwondolea kitu. Huu aliuandika kwa mwandiko mzuri. Akatia sahihi, akagonga muhuri kwa nguvu.

Mzee Donasiani aliisoma fomu, akashusha miwani. "'Isinywewe,' mama?"

"Ikae hivyohivyo. Wakisoma hapo, hawatakuja kuonja."

Mzee akacheka, kwanza kidogo, halafu mpaka akashika ukuta. Leokadia alimsubiri amalize, kisha akamuuliza njia ya kwenda kwa mwenye rozela.

*

Mvinyo wa Fahari ulijaa madukani nchi nzima. Akina mama waliununua kwa wingi, kwa sababu kachumbari ilikolea vizuri na maini yalilainika. Siki nayo ikaanza kuuzwa kuliko wakati wowote katika historia. Ilinywewa kwenye harusi, kwenye ubatizo, na inasemekana hata kwenye hoteli ile ya ziwani. Wizara ya Afya ilitoa taarifa ikiwapongeza wananchi kwa kuongeza ulaji wa mboga mbichi. Zaidi ya hapo hakuna aliyeuliza kitu.

Leokadia alistaafu kwa tarehe yake. Alikaa nyumbani, akapanda maua, akagundua kwamba hana mengi ya kusema, na kwamba ukimya ule haumchoshi.

Jumamosi moja alasiri, mwaka uliofuata, alikwenda dukani kununua chupa moja ya siki. Foleni ilikuwa ndefu. Mbele yake alisimama mtu aliyebeba kreti mbili tupu, na alipogeuka alikuwa Mkurugenzi Anselimu. Alikuwa amezeeka kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo." Akaziangalia kreti zake, akaziweka chini. "Nyumbani wanapenda sana kachumbari."

"Hata kwangu."

"Moja ni ya kwangu. Nyingine ni ya Waziri. Naye anaipenda mno."

Foleni ikasogea hatua moja, nao wakasogea. Mkurugenzi alitazama huku na huku. Mlango wa duka ulikuwa umefungwa. Akamwinamia.

"Mama, nikuulize jambo. Ya mlimani wanayo ya mwaka jana na ya mwaka huu. Nichukue ipi?"

Leokadia alimtazama. Katika miaka yote ya kufanya kazi pamoja, alikuwa amemletea maswali mengi, na kila moja lilikuja na jibu lake.

"Ya mwaka jana inyweni sasa," alisema. "Imefika. Ya mwaka huu bado ina ukakasi, itakuumiza fizi. Inunue, lakini ilaze mahali penye giza mpaka mwakani. Na usimpe Waziri ikiwa baridi. Itajifunga, atadhani haina kitu."

Mkurugenzi alijipapasa mifukoni akitafuta karatasi, akakosa. Akatoa kalamu, akafungua kiganja, akaanza kuandika palepale kwenye foleni, neno kwa neno, kama alivyoambiwa.